Jirani Yako Unamwitaje?

Lubumbashi ilijengwa na wageni. Wabelgiji walipouanzisha mji huu mwaka 1910 na kuuita Elisabethville, reli ya kutoka kusini ndiyo kwanza ilikuwa imefika, na mwaka uliofuata tanuri la kampuni ya migodi ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba. Wafanyakazi wakaletwa kutoka kila upande: Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, vijiji vya Katanga yenyewe, na kuanzia miaka ya 1920 wengi sana kutoka Kasai. Kambini walipewa nyumba zilizoshikana kuta. Mlango huu Mluba, ule Mlunda, wa tatu Mbemba. Kiswahili ndicho kilichowawezesha kuombana chumvi.

Watu wasio na babu mmoja wala kijiji kimoja wanaishi pamoja kwa yale wanayoambiana. Wakiambiana vizuri, ukuta wa kambi unakuwa ukuta wa nyumba moja kubwa. Wakiambiana vibaya, hakuna mzee wa ukoo wa kuwapatanisha. Nimezaliwa na kulelewa katika kuta kama hizo, na mengi ninayoamini kuhusu Injili nimeyapata humo kabla sijayasoma kitabuni.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na sasa ni katekista katika parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Wakatekumeni wangu huniuliza juu ya Utatu, juu ya ufufuko, juu ya toharani, nami najibu kadiri ninavyojaliwa. Nao kabla ya ubatizo ninawauliza swali langu: jirani yako unamwitaje? Nataka kujua jina unalomtaja jikoni kwako, mlango ukiwa umefungwa, yeye akiwa hayupo.

Wengine hudhani ninawafundisha adabu. Adabu ni njema, lakini jambo hili lina mzizi mrefu zaidi. Katika hotuba ya mlimani, sura ya tano ya Mathayo, Yesu anaitaja amri ya kutoua, kisha papo hapo anamtaja mtu anayemtukana ndugu yake na kumwita mpumbavu, na kusema kwamba huyo naye atajibu hukumuni. Ameliweka tusi katika ukurasa mmoja na uuaji. Mtume Yakobo, katika sura ya tatu ya waraka wake, anashangaa jinsi kinywa kimoja kinavyomsifu Mungu na kumlaani binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Naye Paulo anawataka Waefeso kila neno litokalo kinywani mwao limjenge anayelisikia, kulingana na hitaji lake. Mafundisho hayo matatu yana msingi mmoja: mtu aliye mbele yako ana sura ya Mungu, na neno lako ama linaitambua sura hiyo ama linaifuta.

Katanga imeyaona yote mawili.

Padri aliyeanza kwa kuuliza

Zamani za ukoloni, mwanamume mwenye mke na watoto aliitwa "boy" na kijana wa Kizungu wa umri wa mwanawe. Mwaka 1965 André Yav, akiandika kwa Kiswahili cha mji huu kwa niaba ya watu waliowahi kutumikia majumbani mwa Wazungu, aliacha kumbukumbu ya historia ya Elisabethville kama wao walivyoiishi. Ni maandishi mafupi, nayo yanaonyesha kwamba watumishi wale walisikia kila walichoambiwa na hawakusahau.

Katika mazingira hayo ndimo alimofanyia kazi Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Kwa miaka mingi alifundisha kama mapadri wengine: yeye anasema, watu wanasikiliza. Kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu, kilichotolewa hapa Elisabethville mwaka 1945, kilifika mbali, na wanafalsafa wa Afrika wanabishana nacho hadi leo. Lakini kwetu sisi watoto wa makambi, kazi yake kubwa ilikuja katika miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa migodi ya Kolwezi. Alianza kuwauliza watu wao ni nani na wanatamani nini kuliko vyote, kisha akangoja jibu. Kutokana na majibu yao yakapatikana mawazo matatu ambayo kila mwana-Jamaa aliyajua kwa moyo: uzima, uzazi na mapendo.

Jamaa ndilo jina la mwendo huo wa kiroho, na ulisimama juu ya mazungumzo. Haukuwa na majengo yake, wala shule, wala hospitali. Watu waliingia wawili wawili, mume na mke, wakifundishwa polepole na wanandoa waliowatangulia. Waliowafundisha waliitwa wazazi wao, kwa kuwa waliwazaa katika imani. Na kila mmoja alimwita mwenzake Baba au Mama, awe mhandisi au mfagiaji, mzee au kijana, Mlunda au Mluba.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo, kwanza Kolwezi, kisha Likasi. Yeye na Mama waliingia Jamaa nikiwa mdogo, na mabadiliko ya kwanza niliyoyaona yalikuwa ya maneno. Kabla ya hapo Baba alimwamuru Mama kwa neno moja: maji, chakula, viatu. Baadaye alianza kumwita kwa kituo, kama mtu anayebisha hodi: "Mama." Kisha anangoja aitikiwe ndipo aseme shida yake. Siku ya mshahara aliweka fedha mezani na kusema, "Mama, hii njo kazi yetu ya mwezi. Tuseme pamoja." Sisi watoto tulitazamana. Katika nyumba nyingi za kambi, mke hakujua mumewe analipwa kiasi gani.

Mama aliniambia, nilipokuwa mkubwa, kwamba haikuwa rahisi kwa Baba. Wazazi wao wa kiroho walikuwa wamempa zoezi: asimwambie mkewe jambo lolote zito kabla hajajiuliza mkewe ameshindaje siku ile. Kwa hiyo alirudi kutoka kazini, akaketi kibarazani, akanyamaza kidogo, akitafakari. Majirani walidhani amechoka. Kumbe alikuwa akitayarisha maneno yake kama vile alivyotayarisha vyombo vyake asubuhi kabla ya zamu.

Sisemi Jamaa ilikuwa bila kasoro. Katika miaka ya 1970 ulitokea mvutano mkubwa kati ya vikundi vyake na maaskofu, na baadhi ya vikundi hivyo vikajitenga na Kanisa. Tempels mwenyewe alikuwa amerudi Ubelgiji tangu 1962, akafariki huko mwaka 1977. Lakini mbegu iliyopandwa katika ndoa kama ile ya wazazi wangu ilibaki, na ikapimwa kwa moto.

Miaka ya bilulu

Wazazi wa kiroho wa Baba na Mama walikuwa Waluba wa Kasai. Nyumba yao ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, Likasi. Kwa damu hatukuwa na uhusiano wowote nao, lakini mimi niliwaita babu na bibi, na Baba alimwita yule mzee "Baba" hadi mbele ya wakubwa wa kazi.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Jimbo letu, lililoitwa Shaba wakati ule, lilikuwa tayari limejaa maneno makali. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza alihutubia mikutano akiwaita watu wa Kasai bilulu, yaani wadudu. Neno hilo likatoka majukwaani likaingia sokoni, kutoka sokoni likaingia shuleni, na watoto waliokuwa wakicheza pamoja wakaanza kuitana hivyo.

Kilichofuata kinajulikana. Likasi nyumba zilivamiwa, watu wakafukuzwa, wengine wakauawa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu waliozaliwa au kuzeeka Katanga walijikuta wakisubiri treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Katika stesheni ya Likasi familia nzima zililala nje kwa wiki na miezi, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa maradhi na njaa kabla ya kuondoka au njiani.

Nimefikiri sana jinsi jambo lile lilivyowezekana kati ya watu waliokuwa wakienda misa moja. Chuki ya kugombea kazi na vyeo ilikuwepo tangu zamani, na wanasiasa waliichochea kwa faida yao. Lakini jirani ana jina, ana mke unayemjua, ana mtoto aliyekopa daftari la mwanao. Kumfukuza mtu wa namna hiyo ni kazi ngumu kwa moyo wa kawaida. Jina la mdudu liliirahisisha kazi hiyo. Aliyeitwa kilulu hakuhitaji kuulizwa amekosa nini.

Wazee wetu wa Jamaa walipelekwa stesheni pamoja na wengine. Kila jioni Mama alisonga bukari, akapika sombe, akafunga chakula katika kikwembe, na Baba akakibeba. Njiani vijana wa mtaa walimsimamisha. "Mzee, chakula hiki unamupelekea nani?" Naye akajibu, "Niko napelekea baba yangu." Walijua kabila lake, wakajua hasemi habari ya ukoo. Siku nyingine walimtukana na kumwita msaliti, siku nyingine walimpisha. Hakuwahi kubadilisha jibu.

Sijui hotuba yoyote ya imani iliyo kamili kuliko sentensi ile. Baba hakuwa msemaji wa mikutano, wala hakuwa na uwezo wa kuisimamisha treni. Alichoweza ni kukataa kumwita mtu kwa jina alilopewa na wenye hasira, na kumwita kwa jina alilompa yeye mwenyewe mbele ya Mungu. Wale wazee walifika Mwene-Ditu, huko Kasai, salama, na barua yao ya kwanza iliyotufikia ilianza na salamu kwa "watoto wetu wa Likasi".

Baada ya miaka, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu na Marcel Ngandu Mutombo, walitoa mwaka 2005 kitabu kizima juu ya kuishi pamoja Katanga. Ni vizuri kwamba jambo hilo limeandikwa, kwa sababu vijana wengi hawakuliona, na maneno yale ya chuki hayajafa. Siku hizi yanasafiri kwa simu, kwa ujumbe wa sauti unaosambazwa usiku na kusikilizwa asubuhi na watu elfu.

Upole usiosema uongo

Kuna Wakristo wanaodhani kwamba kusema kwa upole ni kutomkera mtu yeyote. Hao ninawakumbusha habari za Askofu Mkuu Eugène Kabanga, aliyeliongoza jimbo kuu la Lubumbashi kuanzia 1967 hadi 1998. Mwaka 1976, Rais Mobutu akiwa katika kilele cha nguvu zake, Kabanga aliwaandikia waumini wake barua ya kichungaji iliyobeba maneno "Mimi ni mtu" katika kichwa chake cha Kifaransa. Ndani yake alikemea rushwa na unyang'anyi vilivyokuwa vikiwala wananchi. Wakati ule watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hayo.

Barua ile ilikuwa kali kwa maovu, na ukali wake ulitoka katika heshima. Alimtetea mtu mdogo kwa kudai aitwe mtu. Hapo ndipo ninapopata kipimo cha neno jema: linasema kweli, na hata likisema kweli chungu, halimvui mtu utu wake. Ninaweza kumwambia mwizi kwamba ameiba. Nikimwambia kwamba yeye na watu wa kwao wamezaliwa wezi, nimetoka katika ukweli na nimeingia katika laana.

Uwanja wa siasa nao unaweza kujifunza hilo. Mwezi Mei 2022 Askofu Mkuu Fulgence Muteba aliwakusanya viongozi wa Katanga mjini hapa kwa ajili ya umoja na upatanisho, na watu waliokuwa wamehasimiana kwa miaka, wakiwemo rais wa zamani Joseph Kabila na mwanasiasa Moïse Katumbi, walionekana pamoja. Mkutano mmoja haumalizi uhasama. Lakini ulionyesha kwamba mtu akishaitwa mbele ya wote kwa heshima, ni vigumu zaidi kumtukana kesho yake.

Neno huandaliwa

Maaskofu wa Kongo waliamua tangu mwaka 1961 kwamba Kanisa liishi katika jumuiya ndogo za majirani. Sisi tunaziita CEVB, kwa kifupi cha Kifaransa. Watu wa barabara chache hukutana mara moja kwa wiki katika nyumba ya mmoja wao, wanasoma Injili, kisha wanazungumza maisha yao. Hapo ndipo maneno mema yanapojifunzwa kwa vitendo.

Nitoe mfano bila kutaja majina. Mama wawili wanaouza unga sokoni waligombana. Mmoja alidai mwenzake hakumrudishia meka (vipimo vya sokoni) kadhaa za unga alizomkopesha. Wakafikia hatua ya "watu wa kwenu", na mtaa mzima ukaanza kujipanga nyuma yao kwa makabila. Mzee wa CEVB yetu aliwaita jioni moja. Aliwapa kila mmoja nafasi ya kusema bila kukatizwa, kisha akawaomba warudie maneno yaleyale, lakini safari hii bila kutaja kwao kwa mtu yeyote. Wa kwanza alianza, akakwama, akaanza tena. Maneno mengi yalianguka njiani, na kilichobaki kilikuwa deni la unga na mtoto aliyelazwa hospitali, jambo ambalo mdai hakulijua. Deni lilipangiwa siku za kulipwa. Mdai alikuwa wa kwanza kwenda kumwona mgonjwa.

Kutokana na jioni nyingi kama hiyo ninawafundisha wakatekumeni mambo machache. Taja tendo, usitaje ukoo. Mwendee mwenyewe kabla ya kuwaendea wengine juu yake, kama Yesu anavyoagiza katika sura ya kumi na nane ya Mathayo. Usisambaze sauti uliyotumiwa ikiwa huwezi kuisema mbele ya anayesemwa. Na ukijua unakwenda kuonana na mtu mliyegombana, mwombee kwa jina lake kabla ya kufika. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, nalo ndilo linalobadilisha sauti ya mtu. Ukiwa umemtaja mbele za Mungu asubuhi, salamu yako ya mchana haiwezi kuwa ileile.

Tena neno jema lisisubiri ugomvi. Asubuhi katika soko la Kenya, mtaa wa mji huu, mwuzaji anayeambiwa "Jambo mama, umelala muzuri?" kabla ya kuulizwa bei ameshapokea kitu. Mwambie fundi kwamba mlango aliotengeneza unafunga vizuri. Mwambie mkeo, mumeo, mwanao, lile jema uliloliona leo, ukilitaja lilivyo. Sifa ya jumla hupita, lakini mtu akiambiwa hasa alichotenda, anajua ameonwa.

Mtoto anayeitwa mulozi

Nimeacha mwisho jambo linaloniumiza zaidi, kwa kuwa hili linasemwa na midomo inayoomba.

Katika mji huu, kama ilivyo Kinshasa na kwingineko Kongo, kuna watoto wanaoitwa wachawi. Baba amepoteza kazi, au mama amefariki, au mdogo mtu anaugua bila kupona, na lawama inamwangukia mtoto: labda yatima aliyepokelewa na shangazi, labda anayekojoa kitandani, labda mkaidi kidogo. Mara nyingi anayelithibitisha neno hilo ni mtu anayejiita mtumishi wa Mungu, akishika Biblia. "Huyu ni mulozi." Kuanzia hapo mtoto hupigwa, hunyimwa chakula, hufungiwa kwa maombi ya siku nyingi, na mwisho hujikuta barabarani. Huko anapewa jina la pili, shege, yaani mtoto wa barabarani, na kila anayepita anadhani anamjua.

Sheria ya nchi yetu ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Wanasheria wamefanya kazi yao. Wasalesiani wa Don Bosco, ambao wako mjini hapa tangu 1911, wanawapokea watoto wa barabarani katika nyumba zao za Bakanja, wanawalaza, wanawasomesha, na inapowezekana wanatafuta jamaa zao ili warudi nyumbani. Lakini mtoto hafiki Bakanja kabla hajapita mikononi mwa Wakristo waliolisikia neno lile na kunyamaza: jirani, mwanakwaya, mwalimu, mama wa ushirika wa maombi.

Neno lililowafukuza watu wa Kasai na neno linalomfukuza mtoto yanafanya kazi moja. Yote mawili yanaondoa jina la ubatizo na kuweka mahali pake jina linaloruhusu ukatili. Na dawa yake ni ile aliyoitumia Baba njiani kwenda stesheni. Katika jumuiya yetu tumekubaliana hivi: mtu akimwita mtoto mulozi mbele yetu, tunamkatiza papo hapo, kwa heshima, bila kumfokea, na tunamwuliza mtoto huyo anaitwa nani. Akilitaja jina, tunamwomba aendelee kulitumia. Asipolijua, tunafuatana naye hadi kwa mtoto, tunamwuliza sote pamoja.